Nilicheka Kabla ya Mkurugenzi

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na mbili. Nina mke mmoja na binti mmoja mdogo, na ninaishi Nyamirambo, hapa Kigali. Majina yote nimeyabadilisha, hata langu. Mtanisamehe... siku hizi huku kwetu mtu haandiki jina lake ovyo. Niiteni Shabani.

Gazeti hili hutufikia kwa madereva wa malori, likiwa limekunjwa na kusomwa na watu wengi njiani. Nimesoma humu mikasa ya wenzangu walioponzwa na pombe, wengine na wanawake, wengine na tamaa. Mimi nimeponzwa na shule! Ndiyo, shule. Mnaweza kucheka, lakini kwanza nisikilizeni.

Nilizaliwa Kamembe, mpakani na Zaire. Wazazi wangu walifariki nikiwa bado mdogo, ami yangu mfanyabiashara akanichukua kwenda kuishi naye Lubumbashi. Mungu amrehemu, alinisomesha mpaka chuo kikuu, nikapata lisansi, yaani shahada, katika lugha ya Kifaransa. Mwanzoni mwa 1990 na yeye akafariki. Watoto wake wakagawana maduka, nami nikaona hapa sina langu tena, bora nirudi kwetu. Nilidhani nchi yangu itanipokea kwa mikono miwili.

Hapa Kigali msomi huitwa kwa herufi na namba. Aliyemaliza sekondari ni A2. Aliyemaliza chuo kikuu ni A0. Mtu anaweza kukuuliza habari za shemeji yako, ukamjibu, "Yule ni A2, anafanya kazi wizarani," na hapo umeshamaliza maelezo.

Mimi nilikuwa A0, na nilijivuna nayo. Nilivaa suti ya marehemu ami, nikapanda kwenda Kimihurura kwenye maofisi, karatasi zangu kwapani. Kosa langu la kwanza nililiona pale pale. Ofisi nyingi nilizoingia, mkuu mwenyewe alikuwa A2!

Hebu jiweke mahali pake. Umekaa kwenye kiti chako, umekipata kwa jasho na kwa kujuana. Anaingia kijana usiyemjua, Kinyarwanda chake kinanuka Zaire, anaweka mbele yako karatasi ya kukupita wewe. Utampa kazi? Walinitazama, wakaitazama karatasi, wakanitazama tena. Wakasema wataniita. Hakuna aliyeniita.

Nikapunguza madai. Nikaomba ukarani. Nikaomba ukatibu. Nikaomba hata kutunza stoo. Na hapo ndipo nilipoanza kuona jambo la ajabu... kadiri kazi niliyoomba ilivyokuwa ndogo, ndivyo macho yalivyozidi kunikazia! Mwalimu mkuu mmoja kule Kicukiro aliniambia wazi kwamba nafasi aliyonayo ni ya A2, akinichukua mimi wizara itamuuliza. Kisha akavua miwani. Akaniuliza kwa nini mtu kama mimi anahangaika na shule ya vumbi kama yake, nina shida gani huko nilikotoka?

Sikuwa na jibu zaidi ya njaa. Lakini njaa ya msomi nani ataiamini?

Mwezi wa kumi mwaka ule ule vita vikaanza kaskazini. Mji ukabadilika ghafla. Watu walikamatwa kwa makundi, na likazuka neno moja la Kinyarwanda ambalo kila mtu aliliogopa: icyitso. Maana yake ni mshirika wa adui, mtu anayekaa nanyi mchana huku moyo wake uko kwa wengine. Ukiitwa icyitso, majirani walikuwa hawakuamkii tena.

Kitambulisho changu kilikuwa na lile neno la kabila ambalo wakati ule halikuwa na shida, kwa hiyo mwanzoni sikuhofu. Lakini niliporudi kwenye maofisi, swali lilikuwa limepata meno. Zamani waliniuliza kwa nini nataka kazi ndogo. Sasa waliniuliza, "Umetumwa na nani?"

Umetumwa na nani! Jamani, mtu anatumwa kuomba ukarani?

Ndipo nikakutana na Venusti. Huyu Venusti tulisoma naye madarasa ya mwanzo kule Kamembe, tukaoga pamoja ziwani, tukachapwa pamoja. Katika Kigali nzima ni yeye peke yake aliyenifahamu tangu utoto. Alikuwa A2, mkuu wa wafanyakazi katika mradi mmoja wa visima wenye ofisi Kimihurura. Alinikumbatia barabarani mpaka watu wakageuka. Akanipeleka kwake, nikala mpaka nikashiba. Wakati ule nilimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nilipomweleza shida yangu alitikisa kichwa.

"Sha, hii A0 yako itakuua," aliniambia. "Watu iko ogopa. Sahau risansi. Sema wewe iko soma mpaka ya nne, basi. Kwetu kuko kazi ya planto. Mimi iko ongea na patron."

Kwa wasiojua, patron ni bosi, na planto ni yule anayepeleka chai ofisini, anayebeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile, anayefunga madirisha mvua ikinyesha. Venusti akaniwekea mkono begani, akasema ni kwa muda mfupi tu, mambo yakitulia atamweleza mkurugenzi ukweli yeye mwenyewe. Akanipangia na hadithi ya kusimulia: kwamba nilikuwa utingo wa malori Bukavu, ndiyo maana Kinyarwanda changu kimepinda.

Nikakubali. Wasomaji, ninyi mngekataa?

Nikaanza kazi mwanzoni mwa 1991. Sitasema uongo, hapo mwanzo nilifurahi. Nilikuwa nakula, nimepanga chumba Nyamirambo, hakuna aliyeniuliza nimetumwa na nani. Nilijifunza kuwa mjinga. Si kazi rahisi! Faili likipita mkononi, macho yanataka kusoma, unayazuia. Mtu akikosea Kifaransa, ulimi unataka kumsahihisha, unaumeza.

Venusti alikuwa akiniita mbele ya wageni, tena kwa sauti ya juu: "Shabani! Chai!" Nikileta, anasema imepoa, nirudishe. Nilidhani anaigiza ili siri yetu ikae salama. Siku moja alinipeleka na kunirudisha jikoni mara kadhaa, kisha akaegemea kiti akanitazama nikifuta meza, na usoni alikuwa na raha ya ajabu... Kwa nini sikujiuliza? Ilikuwa raha ya A2 anayefutiwa meza na A0, na mtu wa kuijua raha hiyo alikuwa yeye tu.

Mwaka huo huo nikampata Safia. Babake ni fundi cherehani hapa Nyamirambo, mzee Sefu, na yeye Safia hushona pamoja naye barazani. Ana maneno mengi, ana kicheko, na akikasirika anauma uzi kwa meno badala ya kukata kwa mkasi. Nilipeleka suruali kushonwa pindo, nikarudi na suruali nyingine, nikarudi na shati ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Akaniambia nisiharibu nguo, nilete wazee.

Kabla ya ndoa nilimwambia Venusti kwamba nitamfungulia Safia moyo, ajue nimesoma. Venusti akaruka! Akasema niko wazimu. Wanawake wa Nyamirambo hukutana bombani, alisema, na siri ikifika bombani imefika kwa jandarmeri, yaani kwa askari. Akaniapia kwamba ananitakia mema. Siku ya harusi alisimama upande wangu amevaa tai, akacheka na kila mtu, akamwita mzee Sefu baba.

Nikaoa nikiwa na uongo mdomoni.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Safia alisoma msingi, akaendelea miaka michache shule ya ufundi, kwa hiyo Kifaransa kidogo anakijua. Aliona haya kuwa na mume wa darasa la nne, lakini hakunisimanga. Alichofanya ni kutafuta kitabu chake cha zamani cha shule, na kila jioni tukimaliza kula ananikalisha mkekani ananifundisha. "Le, la, les." Mimi narudia. Nikikosea makusudi ananigonga goti. Nikipatia anapiga makofi!

Akawa anawaambia mashoga zake kwamba mume wake ana akili, ni vile tu hakupata wa kumwendeleza, ngojeni mtaona. Mara nyingine akinieleza sarufi alikosea yeye. Sikumsahihisha kamwe. Nililirudia kosa lake kama alivyolisema. Nilimpenda mno katika saa ile. Nilikuwa nafurahi kufundishwa na mke wangu kuliko nilivyofurahi chuo kikuu, wallahi. Lakini hilo nani ataliamini leo?

Akapata mimba. Nikajiambia, mtoto akizaliwa nitamweleza. Nikapanga na maneno.

Siku moja mwaka 1992 akaja mgeni ofisini, Mzungu, mtaalamu wa kukagua visima. Walikaa kwenye chumba cha mkurugenzi: mkurugenzi, Venusti na wakubwa wengine. Mimi nimeingia na sinia la chai. Mkurugenzi alikuwa anamweleza mgeni mafanikio ya mradi. Mzungu yule alikuwa ametoka kuviona visima vyenyewe, na vingi vilikuwa vikavu. Akamsikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai yake, akasema polepole: "Vingt puits en vain... et du vin!"

Kwa Kifaransa, ishirini, bure na mvinyo hutamkwa kwa sauti ile ile. Alikuwa anawaambia kwamba visima ishirini vimechimbwa bure, na kilichotoka humo ni mvinyo wa wakubwa. Ni mzaha wa haraka, usipokijua Kifaransa vizuri unakupita.

Uliwapita wote. Kukawa kimya... Na katika kimya kile, mimi, planto, mtu wa darasa la nne, nikacheka!

Kicheko kilinitoka tu. Nilikuwa sijasikia mzaha mzuri tangu Lubumbashi. Nilijaribu kukigeuza kikohozi, sinia likatikisika, vikombe vikagongana. Mzungu akanigeukia, uso umemchangamka, akasema kumbe hapa yuko mmoja anayeelewa. Hapo ndipo mkurugenzi naye akacheka, amechelewa, na huku ananitazama mimi. Venusti hakucheka kabisa.

Nilitegemea kufukuzwa jioni ile ile. Sikufukuzwa. Hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo lililonitisha. Nilipoingia chumbani mwa mkurugenzi alikuwa ananyamaza. Karatasi zilizokuwa zikifungiwa kabatini sasa niliziona wazi juu ya meza, nami nikafuta vumbi kuzizunguka bila kuziangalia. Alikuwa ananitega? Au amesahau? Nilianza kumshuku dereva, nikamshuku mlinzi wa getini, nikamshuku hata mama anayetuuzia maandazi. Venusti peke yake sikumshuku.

Kisha siku moja nimesimama pale na kahawa, mkurugenzi anaongea na katibu wake. Katikati ya maneno yao, bila kubadili sauti wala kuinua macho, akasema kwa Kifaransa kwamba kuna buibui mkubwa begani kwa Shabani.

Mkono wangu ukaenda begani.

Hapakuwa na buibui. Mkurugenzi akamwambia katibu atoke, akafunga mlango.

Nilimweleza kila kitu, nalia. Lubumbashi, lisansi, maofisi yote yaliyonifukuza, kila kitu isipokuwa jina la Venusti. Nilisema nilipanga uongo huo mwenyewe, ili nisimharibie rafiki yangu. Mkurugenzi alinisikiliza amekunja mikono. Kisha akanishangaza. Akasema anahitaji mtu wa kumwandikia ripoti zinazoweza kusomwa na Wazungu bila aibu, na kwamba mkuu wa wafanyakazi aliyenaye anaandika vibaya. Atafikiria kunipa nafasi ile. Nikae kimya kwanza.

Nikae kimya! Mimi niliyekaa kimya muda wote ule, siku hiyo nikashindwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Venusti. Sikumwambia kwamba ni kiti chake kinachotajwa, nilisema tu mkurugenzi amejua na hakukasirika, huenda atanipandisha. Lakini Venusti si mtoto. Aliniuliza, nafasi gani? Nikababaika. Akatabasamu, akaagiza bia yake na Fanta yangu, akasema Mungu ni mkubwa. Tulikunywa. Aliniuliza maswali mengi ya ziada... karatasi zangu naziweka wapi, ndugu zangu Zaire ni akina nani, nani huniandikia. Nilijibu yote.

Wiki ile ile walinikamata getini mwa ofisi. Watu wa usalama, wamevaa kiraia. Aliyenihoji alikuwa na meza tupu na sauti ya chini.

"Mutu ya A0 anabeba chai?" aliniuliza. "Ofisi iko na makaratasi ya serikari, yeye anapita na sinia, anajifanya hasikii Kifaransa. Wewe ungefikiri nini?"

Wasomaji, niliwaza kwa ukweli wa moyo wangu, na nikaona kwamba hata mimi ningefikiri hivyo hivyo. Ndipo nilipoogopa sana. Ukweli wangu ulikuwa unafanana na uongo kuliko uongo wenyewe!

Hapo nikalitaja jina la Venusti. Nikasema yeye anajua yote, ni yeye aliyenishauri, muiteni. Wakamwita. Akaja na tai yake. Moyo wangu ukatulia kumwona tu. Hakunitazama.

"Mimi namujua kama mutu ya darasa ya nne," alisema. "Utingo wa roli. Kama iko na risansi, basi na mimi alinidanganya."

Nikamwita jina lake. Nikamkumbusha Kamembe, ziwa, fimbo za mwalimu. Akamwambia afisa kwamba mimi ni mtu hatari, ninajua kutengeneza hadithi. Akatoka akifuta viatu vyake mlangoni, wakati wa kutoka! Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ni yeye pia aliyepeleka habari zangu. Nani mwingine alijua majina ya ndugu zangu wa Zaire, waliyonitajia katika mahojiano?

Lakini hayo yote niliyavumilia. Kilichonivunja kilikuja baada ya siku chache, Safia alipoletwa katika chumba kile. Alikuwa amebeba chakula, tumbo lake limekua, kitambaa cha kichwa kimelegea kwa kutembea. Afisa akamwambia kwamba mumewe ana lisansi ya Kifaransa ya chuo kikuu.

Safia akacheka! Alicheka kwa kweli, kwa kufarijika.

"Huyu? Bwana mkubwa, mmekosea mtu," alisema. "Huyu hata bonjour nimemfundisha mimi."

Afisa akatupa gazeti la Kifaransa mezani, akaniambia, soma.

Nifanye nini? Nikisoma vizuri, nampoteza mke wangu. Nikisoma vibaya, ninadanganya mbele ya mtu aliyekwisha kuniita mwongo. Nikachagua kusoma vibaya. Nikaanza kigugumizi, neno moja, nasimama, neno la pili, nakosea. Na Safia, aliyesimama kando na sufuria lake... Safia akaanza kunisaidia! Ananong'ona: "Sio le. La. Sema la, Shabani, usiogope."

Machozi yakanitoka. Afisa akapiga meza, akasema mchezo umekwisha. Nami sikuweza tena kumwacha mke wangu adhalilike vile mbele ya watu kwa ajili yangu. Nikalishika gazeti nikasoma. Nilisoma safu nzima bila kusita, kwa Kifaransa kile nilichofundishwa na maprofesa. Nilipoinua macho, Safia alikuwa ameacha kunong'ona. Alinitazama usoni, kisha mdomoni, kama anatafuta sauti ile imetokea wapi.

Akaweka chakula chini. Akatoka bila kuniaga.

Nilikaa gerezani miezi kadhaa. Sitaeleza ya humo, wapo walioyaeleza na wapo ambao hawakutoka. Safia hakuja tena. Chakula alileta mzee Sefu, anakiacha, anaondoka. Ni yeye aliyeniambia nimepata binti. Nikamuuliza jina. Akasema wameshampa.

Mwaka 1993 walituachia watu wengi kwa mkupuo, bila kesi, bila maelezo. Nikaenda moja kwa moja barazani kwa mkwe wangu. Safia alikuwa kwenye cherehani, mtoto mgongoni. Hakusimamisha gurudumu. Nilimpigia magoti mbele ya wapita njia, nikamweleza yote, tangu Lubumbashi hadi Venusti. Alishona mpaka akamaliza pindo, akauma uzi.

Akaniambia jambo ambalo sitalisahau. Kwamba wale watu wa usalama walikuja nyumbani mara nyingi kumuuliza kama mumewe ni icyitso, na yeye kila mara alitaka kuapa kwamba hapana, mdomo ukawa mzito. "Ningeapa kwa lipi nililolijua?" alisema. "Mtu niliyemjua mimi hakuwepo." Kisha akaniuliza swali. Zile jioni za mkekani nilipokuwa nikipigiwa makofi, nilikuwa namcheka?

Nikamwapia kwamba sikuwahi kumcheka hata mara moja. Hiyo ilikuwa kweli kuliko kweli zote nilizowahi kusema. Alinitazama vile vile kama yule afisa aliyeniita mwongo.

Venusti? Yuko. Bado ana kiti chake. Tulikutana karibu na soko, akanipa mkono, akasema walikuwa wananiombea. Nami niliupokea mkono wake, kwa sababu nyakati hizi huwezi kujua ukimnyima mtu mkono kesho atakwenda kusema nini.

Mwaka huu wa 1994 umeanza, nami ninaishi tena na mke wangu. Mzee Sefu alitupatanisha, Safia akarudi. Anapika, anashona, anamlea mtoto vizuri. Lakini kila nisemalo analiuliza mara mbili. Nikisema nimekula, anafunua sufuria. Nikisema nimepita msikitini, anamuuliza jirani aliyekuwa huko. Nikimwambia nampenda anasubiri, kama mtu anayengoja maneno yaliyobaki. Kitabu cha shule sikioni tena nyumbani. Niliwahi kuuliza kiko wapi, akasema amewashia jiko.

Na nje ya nyumba yetu ni hivyo hivyo. Mji mzima unaulizana umetumwa na nani. Watu wanasalimiana huku wanachunguzana mikono. Nimepata vibarua vya kuandikia watu barua, na hata hapo wapo wanaoniuliza nimejifunzia wapi kuandika hivi.

Kwa hiyo ndugu zangu, ninyi mliosoma na hamna kazi, nawasihi! Najua mnavyoumia mkiambiwa mmesoma mno. Fagieni barabara ikibidi, bebeni zege, pelekeni chai, hakuna aibu. Lakini semeni mmesoma! Wakikufukuza, basi wamekufukuza wewe. Kwangu mimi, aliyeajiriwa hakuwa mimi, aliyeoa hakuwa mimi, na siku nilipohitaji mtu mmoja wa kunishuhudia, hakuwepo aliyenijua ila yule aliyekuwa na faida nikipotea. Msimpe mtu mmoja siri yenu yote halafu mkawanyima wake zenu. Na rafiki anayekushauri ujishushe, mtazame vizuri usoni wakati unamfutia meza.

Habari hii nimempa Safia aisome kabla sijaituma, ili asije akasema nimemficha na hii. Amesoma kurasa zote, mtoto amelala mapajani mwake. Hakubadilisha kitu, isipokuwa alichukua kalamu akakata sentensi moja. Ni pale nilipokuwa nimeandika kwamba amenisamehe.